Damu yangu ilipigwa picha lini?

SWALI: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni karani katika shirika moja hapa Morogoro. Hivi karibuni nilikwenda hospitali kwa sababu ya uchovu usioisha, daktari akaniandikia kipimo kinachoitwa 'Full Blood Picture'. Nilichomwa sindano, nikatolewa damu, basi. Sikuona kamera wala mashine ya eksirei. Sasa hiyo picha ilipigwa lini? Naomba unisaidie, maana neno hili linaniandama. Kazini meneja wetu Mwingereza aliniandikia 'keep me in the picture' kuhusu semina ya wakulima, nikamtumia picha zote za semina, akacheka sana. Nyumbani nako binti yangu wa kidato cha pili amekatwa alama kwa kuandika 'on the picture'. Kwani 'picture' si picha tu? Na 'image' na 'photo' zinaingia wapi?"

JIBU: Marahaba. Tuanze na damu, hayo mengine hayana haraka.

Hakuna aliyeipiga picha damu yako. Full Blood Picture, ambayo kwenye fomu za maabara hapa kwetu huandikwa FBP, ni kipimo cha kujua damu ina nini na kwa kiasi gani: chembe nyekundu, chembe nyeupe za aina mbalimbali, chembe sahani zinazosaidia damu kuganda, na hemoglobini, ile protini yenye madini ya chuma inayobeba oksijeni. Nadhani ulikiona kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Ndani yake huwa mna dawa ya kuzuia damu isigande, ili mashine iweze kuzihesabu chembe. Kinachotoka ni safu ya tarakimu.

Kwa nini basi paitwe "picture"? Kwa sababu tarakimu moja peke yake haimwambii daktari mengi. Hemoglobini ikiwa chini atajua una upungufu wa damu, lakini hajui umesababishwa na nini. Akitazama na ukubwa wa chembe nyekundu, njia inaanza kuonekana: zikiwa ndogo kuliko kawaida atashuku kwanza ukosefu wa madini ya chuma, zikiwa kubwa atafikiria upungufu wa vitamini B12 au wa foleti. Akiongeza hesabu ya chembe nyeupe anapata dokezo iwapo mwili unapambana na maambukizi. Namba hizo zikisomwa kwa pamoja zinampa sura nzima ya damu yako, na hiyo sura nzima ndiyo inayoitwa "picture". Waingereza siku hizi husema zaidi "Full Blood Count", Wamarekani "Complete Blood Count", na ukienda Kenya utasikia "full haemogram". Wajerumani wana "Blutbild", neno walilolijenga kwa damu na picha, na hakuna Mjerumani anayekwenda maabara akitafuta kamera. Mimi ningemwambia mgonjwa "kipimo cha hali ya damu kwa ujumla". Majibu yenyewe akusomee daktari aliyekuandikia, maana mimi ni mtu wa maneno.

Na kabla hatujatoka hospitalini: kwenye fomu hiyohiyo unaweza kukuta "blood film". Usidhani wamehama kutoka picha mnato kwenda sinema. "Film" kwa asili ni utando mwembamba, na "blood film" ni tone la damu lililotandazwa kwenye kioo ili litazamwe kwa hadubini. Filamu za sinema zenyewe zilipata jina kutokana na utando huohuo, kwa sababu picha zake zilipigwa kwenye ukanda mwembamba uliopakwa dawa.

Sasa tuingie kwenye neno lenyewe. "Picture" limetokana na Kilatini "pictura", mchoro wa rangi, nalo limezaliwa na kitenzi "pingere", kupaka au kuchora kwa rangi. Ndugu zake ni "paint", "depict" na "pigment". Liliingia Kiingereza takriban karne nne kabla ya mwaka 1839, mwaka ambao upigaji picha ulitangazwa hadharani huko Paris na London. Kwa muda wote huo "picture" lilikuwa kazi ya brashi na mkono. Kasri ya Uingereza bado ina cheo kinachoitwa "Surveyor of the King's Pictures", kilichoanzishwa mwaka 1625 enzi za Mfalme Charles wa Kwanza. Mwenye cheo hicho anatunza michoro ya rangi ya mfalme. Mfasiri akiandika "msimamizi wa picha za mfalme", msomaji wetu wa leo ataona albamu za harusi.

Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Tulilipokea neno hili wakati kamera imeshafika, tukaliita picha, na kwa wengi wetu picha ni kitu kinachopigwa. Ndiyo maana ulikwenda maabara ukitafuta kamera. Mwingereza akisikia "picture" haanzi na kamera hata kidogo. Anaanza na kitu chenye mipaka, vitu kadhaa vimepangwa ndani yake, na jicho linavipokea vyote kwa mara moja. Shika hiyo fremu mkononi, nahau karibu zote zitakufungukia.

Chukua meneja wako. "In the picture" maana yake yumo ndani ya fremu, yaani ni mmoja wa wanaojua kinachoendelea. "Keep me in the picture" ni ombi la kuendelea kupewa habari: nijulishe kila hatua, usiniache gizani. Ulichotakiwa kumtumia ni mistari mitatu: wakulima wangapi wamethibitisha, ukumbi umepatikana au la, posho imefikia wapi. "Put me in the picture" ni tofauti kidogo, hapo mtu hajui lolote bado na anataka aelezwe kuanzia mwanzo. "Out of the picture" ni aliyetolewa nje ya fremu: mshirika aliyejitoa, mgombea aliyeenguliwa, mchumba wa zamani ambaye hatajwi tena. Na "the big picture" ni jambo zima ukirudi nyuma hatua chache ili ulione lote. Kwenye vikao vya miradi utaisikia sana hii, mara nyingi kutoka kwa mtu ambaye hataki kuulizwa maswali ya bajeti.

Namna ya kutambua ni kutazama maneno jirani. Ukiona "keep" au "put" pamoja na mtu, kisha "in the picture", hapo pana habari. Ukiona "who is the man in the picture?" basi kuna picha kweli na mwanamume yumo. Tazama pia "the" na "a". "A picture" mara nyingi ni kitu unachoweza kukishika au kukionyesha. "The picture" bila picha yoyote kutajwa kabla yake ni hali ya mambo: "the picture in the cotton market has changed" ni hali ya soko la pamba imebadilika. Si kanuni ya chuma, maana kuna "paint a picture" kwa maana ya kueleza jambo hadi msikilizaji alione, lakini itakuokoa mara nyingi.

Usijione mshamba kwa hili. Sisi wenyewe tunalitumia neno picha vivyo hivyo bila kujitambua. Mtu akikusimulia mkasa ukamwambia "napata picha", hakuna picha iliyobadilisha mikono. "Hebu vuta picha" tunasema tukitaka mwenzetu afikirie tukio, na hapo ndipo Mwingereza atasema "picture this". Vijana wa Dar es Salaam wakianza kisa husema "picha linaanza", na wote wanakaa sawa.

Ila hadhari moja. "Nimepata picha" kwetu ni maneno ya kirafiki. "I get the picture" kwa Kiingereza inaweza kuwa hivyo, na inaweza pia kuwa "basi, nimeshaelewa, inatosha", hasa ikitamkwa kwa sauti iliyochoka. "Get the picture?" ikitoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo ina ukali ndani yake, karibu na "umenielewa wewe?" Na "do I have to draw you a picture?" ni tusi la wazi: hivi mpaka nikuchoree ndiyo uelewe? Usiwahi kumwandikia mfadhili.

Kuna na "the picture of health". Hii humhusu mtu mwenye siha iliyomjaa, kana kwamba mchoraji aliyeambiwa achore afya angemchora yeye. Kwa Kiswahili ningesema "afya imemkaa" au "ananawiri", neno picha silihitaji kabisa. Madaktari nao wana "clinical picture", dalili zote za mgonjwa zikitazamwa kwa jumla, na hapo umerudi kwenye damu yako.

Binti yako. Mwalimu wake ana haki, ila nadhani hakumweleza sababu. Kiswahili kina "kwenye picha" na "pichani", navyo havitofautishi ndani na juu. Kiingereza kinatofautisha. Kilichochorwa au kilichopigwa kimo ndani ya fremu, kwa hiyo "there are three goats in the picture". "On the picture" ni kilichotua juu ya karatasi au kioo chenyewe: vumbi, alama ya kidole, nzi. Akiandika "there is a fly in the picture", nzi huyo alipigwa picha. Akiandika "there is a fly on the picture", nzi yupo sasa hivi na anaweza kufukuzwa. Mpe mfano huo wa nzi, hatasahau. Mwambie pia kwamba vifaa vina kanuni nyingine: ni "on the screen", "on the wall", "on page 12". Kwa hiyo mbuzi wako "in the picture on page 12", vyote viwili katika sentensi moja.

Maadamu tuko shuleni, kitenzi nacho kinawasumbua wengi. Sisi tunapiga picha, kama tunavyopiga pasi, simu na hodi. Kwa Kiingereza picha ya kamera "huchukuliwa": "take a picture". Ya kalamu ni "draw a picture", ya rangi na brashi ni "paint a picture". "Shoot a picture" ipo, lakini mara nyingi ni ya watengeneza filamu. Na "I pictured him" haina maana ya nilimpiga picha. Maana yake nilimwona akilini, nilimwazia. Mahali ambapo kitenzi hicho kinagusa kamera ni chini ya picha za magazeti: "pictured left" ni anayeonekana kushoto, "pictured above" ni anayeonekana hapo juu.

Halafu kuna "my picture", ambayo ina utata uleule wa "picha yangu". Ni picha inayonionyesha mimi, niliyoichora mimi, au ninayoimiliki? Kiingereza kina njia ya kukwepa ambayo sisi hatuna: "a picture of Asha" inamwonyesha Asha, ilhali "a picture of Asha's" ni mali yake au kazi yake, hata kama ndani yake mna ng'ombe tu. Kiswahili kinabidi kitamke kitenzi: picha inayomwonyesha Asha, picha aliyoichora Asha. Kwenye mikataba ya wapiga picha jambo hili si dogo. "Picha zake" katika mkataba zinaweza kumaanisha sura ya mteja au kazi ya mpiga picha, na hao ni watu wawili wenye haki tofauti.

Tuje kwenye "image", maana uliuliza. Hili ni tawi jingine kabisa, kutoka Kilatini "imago", na kiini chake ni mfanano: kitu kinachotokana na kingine na kukiiga. Ndiyo maana hutumika pale ambapo "picture" haliwezi kuingia. Kwenye kioo unaona "image" yako. Vitabu vyetu vya sayansi huiita taswira. Mtoto aliyefanana na baba yake shilingi kwa ya pili ni "the spitting image of his father", na hakuna anayesema "spitting picture". Sifa ya kampuni machoni pa watu ni "image". Hapo sisi huchanganya: tunasema kitendo fulani "kinatoa picha mbaya", kisha tunaandika "it gives a bad picture". Mwingereza angesema "it's bad for our image", au "it gives a bad impression".

Ukitaka kuona upana wa neno hilo, fungua Biblia za lugha mbili. Katika Mwanzo 1:26 Kiingereza cha King James cha mwaka 1611 kina "in our image, after our likeness". Biblia yetu ya Union inasema "kwa mfano wetu, kwa sura yetu". Kwenye Kutoka 20:4 "graven image" ni "sanamu ya kuchonga". Katika Mathayo 22:20 Yesu anaonyeshwa sarafu yenye kichwa cha Kaisari, anauliza "Whose is this image?", na kwa Kiswahili ni "Ni ya nani sanamu hii". Image moja, kwetu mfano na sanamu. Jaribu kuweka picha mahali popote hapo, uone linavyokwaruza sikio. Hiyo sanamu ya kwenye sarafu inaonyesha pia kwamba kabla picha haijatawala, sanamu lilikuwa na eneo pana kuliko kinyago cha mti au jiwe. Taswira nalo lilikuwa linafanya sehemu ya kazi hii, na leo tumelipeleka zaidi kwenye fasihi na fizikia.

Kwenye kompyuta maneno haya mawili yamekaribiana mno. Simu moja itakuambia "save image", nyingine "save picture", na kinachohifadhiwa ni kilekile. Lakini fundi akikuambia atatengeneza "disk image", usimletee kamera: ni nakala kamili ya diski yote iliyowekwa ndani ya faili moja. Ule mfanano wa "imago" ndio huo umerudi. "Picture" nalo limejificha ndani ya pikseli, ambazo ni vinukta vinavyojenga kila kinachoonekana kwenye skrini yako. "Pix" ni kifupi cha utani cha "pictures" ambacho magazeti ya sinema ya Marekani yalikipenda. Likaongezwa "element", likapatikana "pixel", nalo likaonekana kwenye maandishi ya kitaalamu mwaka 1965. Emoji halimo katika ukoo huu, ingawa wengi hudhani limetokana na "emotion". Ni Kijapani: "e" ni picha, "moji" ni herufi.

Sinema umeisahau kwenye swali lako, nami siwezi kuiruka. Filamu zilipoanza ziliitwa "moving pictures", picha zinazotembea. Wamarekani wakakata wakabaki na "movies", Waingereza wakabaki na "the pictures", na mzee wa Kiingereza anaweza bado kukuambia "we went to the pictures" akimaanisha walikwenda sinema. Ile taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar, iliyoanzishwa mwaka 1927, ina "Motion Picture" ndani ya jina lake, na tuzo yake kubwa ni "Best Picture". Nimeona ikitafsiriwa "picha bora" kwenye habari. Kwa Mtanzania aliyekulia kwenye mabanda ya video tafsiri hiyo haina kosa kubwa, kwa sababu sisi pia tuna picha la Kihindi na picha la kivita, lenye stelingi asiyekufa. Angalia upatanisho tu: picha ya ukutani ni "hii", ya kwenye banda mara nyingi ni "hili". Mzungumzaji huhitaji herufi moja kujua kama unazungumzia ukuta au sinema, jambo ambalo Kiingereza hakiwezi kulifanya. Gazetini, hata hivyo, andika filamu bora.

Mwisho "photo". Hili ndilo la kamera pekee. "Photograph" lilianza kutumika kwa Kiingereza mwaka huohuo wa 1839, mwanasayansi John Herschel akiwa mmoja wa waliolieneza, kutoka Kigiriki cha mwanga na kuandika. Kila "photo" ni "picture", lakini mchoro wa binti yako wa nyumba na mwembe ni "picture" tu, hautakuwa "photo" kamwe. Katika mazungumzo ya kawaida ukisema "picture" ukimaanisha picha ya simu hakuna atakayekusahihisha, na mitandao yenyewe inasema "profile picture". Kwenye maandishi rasmi badilisha. Ombi la kazi, pasipoti, kitambulisho, viza: vyote vinataka "passport-size photographs", nawe kwenye orodha ya viambatisho andika hivyohivyo. Na picha ya kifua utakayopigwa ikiwa daktari atataka kuendelea na uchunguzi, kwa Kiingereza si "picture" wala "photo". Ni "chest X-ray", na chumba utakachoelekezwa, kama hospitali ni kubwa, huenda kikawa na kibao kinachosema "Imaging".